Kuhama kutoka Android kwenda iPhone: fuata hatua hizi kabla hujaiwasha simu mpya

Kila anayepata iPhone kwa mara ya kwanza huniuliza maswali yaleyale manne. WhatsApp yangu itakuja? Majina je? Picha? Na zile programu nilizolipia? Nimeshayajibu kwa simu, nimeyajibu kwa sauti za WhatsApp, nimeyajibu nikiwa nimesimama na mtu ukutani kwa sababu waya wa chaja haukufika mezani. Basi leo nayaandika mara moja, nikiulizwa tena niwe na cha kutuma.

Majibu mafupi: ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana. Lakini hizo ndiyo tatu zina sharti, na sharti hilo ndilo linalowaangusha wengi. Mtu huwasha iPhone, akaruka kurasa za mwanzo kwa haraka, akapiga picha mbili tatu, akaweka picha ya ukutani, na kesho yake ndipo anauliza jinsi ya kuhamisha vitu. Ameshachelewa. Njia rasmi ya kuhamisha kutoka Android hujitokeza iPhone inapoandaliwa kwa mara ya kwanza. Ukiipita, namna ya kuirudia ni kuifuta iPhone yote na kuanza upya.

Kama simu yako bado iko kwenye boksi, iache humo kwanza. Kazi kubwa iko kwenye simu ya zamani.

(Maneno ya Kiingereza utakayoyakuta ndani ya alama za kunukuu ni yale yanayoonekana kwenye skrini. Yatafute hivyohivyo yalivyo.)

Vitu vya kuwa navyo

- Simu zote mbili na chaja mbili. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, iPhone hutumia waya wa USB-C, yaani huenda ni uleule wa Android yako. Za kabla ya hapo hutumia Lightning. Na tangu ilipotoka iPhone 12 mwaka 2020, kwenye boksi unakuta waya tu, kile kichwa cha kuchomeka ukutani hakimo.
- Wi-Fi ya kutegemewa. Uhamishaji wenyewe hauli bando, kwa kuwa simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe, lakini iPhone itahitaji intaneti kujiandaa na kupakua programu.
- Laini yako ikiwa hai na inapokea SMS. Angalizo: iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia iPhone 14 hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe bila kadi. Kama umeletewa simu kutoka huko, uliza kampuni ya simu unayotumia kama inatoa eSIM kabla hujahangaika na mengine.
- Nenosiri la akaunti yako ya Google. Si lile unalodhani unalikumbuka. Jaribu kuingia nalo kwenye kompyuta au simu ya mtu uone kama linakubali.
- PIN ya WhatsApp ya tarakimu sita, ikiwa uliwahi kuiweka. Ukiisahau na hukuweka barua pepe ya kuirejeshea, utasubiri siku saba.
- Muda. Mwenye picha chache atamaliza haraka, mwenye video za miaka mitano anaweza kukaa saa kadhaa. Usianze ukiwa na safari mbele yako au ukisubiri simu muhimu.

Maandalizi kwenye Android

1. Pima mzigo. Fungua Mipangilio, nenda kwenye hifadhi, uone umetumia GB ngapi. Kama una memori kadi, ijumlishe pia, kwa sababu iPhone haina mahali pa kuichomeka na vilivyomo vitatakiwa viingie kwenye hifadhi ya ndani. Simu yenye GB 128 zilizojaa pamoja na kadi ya GB 64 haitaingia kwenye iPhone ya GB 128 hata uifanyie nini.

Pa kupunguzia napajua bila kuiona simu yako: ni WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, kisha usimamizi wa hifadhi. Utakuta makundi yamepangwa kwa ukubwa. Lile la harusi iliyokwisha miaka mitatu iliyopita ndilo linaloongoza, na nusu yake ni video ileile iliyotumwa mara nne. Futa hapo.

2. Kusanya majina sehemu moja. Wengi wana majina yaliyotawanyika: mengine yako kwenye laini, mengine kwenye kumbukumbu ya simu, mengine kwenye Google. Ukitazama orodha yanaonekana yote kwa pamoja, kwa hiyo hujui. Fungua programu ya majina ya Google, ingiza ya kwenye laini kwenda kwenye akaunti ya Google, kisha hamishia humo na yale ya kwenye simu. Baada ya hapo fungua contacts.google.com kwenye kompyuta au kwenye kivinjari na utafute watu watatu unaowajua: mmoja wa zamani sana, mmoja uliyemhifadhi wiki hii, mmoja uliyemhifadhi kwa jina la ajabu kama "Fundi Bomba Mpya". Wote wakionekana, majina yako yako salama hata simu zote mbili zikianguka kisimani.

3. Amua kuhusu picha. Kama picha zako zote zimeshapanda Google Photos, hulazimiki kuzihamisha. Utaweka Google Photos kwenye iPhone, utaingia kwa akaunti yako, utazikuta. Hilo linakupunguzia saa nyingi. Ila hakikisha zimepanda kweli: fungua programu hiyo, gusa picha yako ya wasifu juu kulia, uone kama inasema uhifadhi umekamilika. Tangu Juni 2021 picha zinahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure za akaunti ya Google, hivyo simu nyingi ziliacha kupandisha siku nafasi ilipojaa na mwenyewe hana habari.

Kama hutumii Google Photos, picha zitahama pamoja na vingine kwenye hatua ya 9.

4. Namba za uthibitisho. Hapa ndipo panapouma, na miongozo mingi hupapita mbio. Ukiwa na programu inayotoa zile namba za tarakimu sita zinazobadilika kila nusu dakika, kwa mfano Google Authenticator, usidhani zitakufuata zenyewe. Kwenye Google Authenticator fungua menyu, chagua kuhamisha akaunti, utapewa mraba wa QR ambao utauskani kwa programu hiyohiyo kwenye iPhone. Unaweza pia kuingia humo kwa akaunti ya Google ili namba zihifadhiwe mtandaoni. Jambo hilo limewezekana tangu mwaka 2023. Mimi niliwahi kuifuta simu ya zamani kabla ya kufanya hivi. Picha nilikuwa nazo, meseji nilikuwa nazo, lakini barua pepe ya kazini ilinifungia mlango kwa muda mrefu huku nikithibitisha kwa kila njia kuwa mimi ndiye mimi.

5. WhatsApp. Sasisha hadi toleo la karibuni. Halafu fanya chelezo, yaani nakala ya akiba, kwenda Google kama kawaida. Chelezo hiyo haitasomwa na iPhone, hili lielewe vizuri: iPhone hurejesha kutoka iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple), Android hurejesha kutoka Google, na hawaazimani. Unaifanya kama bima tu. Mambo yakiharibika katikati, utarudisha mazungumzo kwenye Android na kujaribu tena.

6. Pakua Move to iOS, programu ya kuhamishia vitu kwenda iPhone (iOS ni mfumo wa iPhone). Iko Play Store, imetengenezwa na Apple wenyewe na ni ya bure. Zipo programu nyingine zinazofanana jina na zinazodai malipo, ziache. Ukishaipakua usiifungue bado. Zima VPN kama unayo, zima data ya simu, na uzime kile kipengele kinachoruka kutoka Wi-Fi kwenda data pale Wi-Fi inapozubaa. Kwenye simu nyingi kiko kwenye mipangilio ya Wi-Fi, kwenye sehemu ya ziada. Hicho ndicho chanzo cha simu kukatika katikati ya kazi.

Siku ya kuhama

7. Washa iPhone. Chagua lugha na eneo, chagua kuiandaa bila kifaa kingine, unganisha Wi-Fi, weka uso au kidole, weka nambari ya siri ya kufungulia. Nenda taratibu. Utafika kwenye ukurasa unaouliza unataka kuhamisha programu na data kutoka wapi, na miongoni mwa machaguo kuna "From Android". Ndio ukurasa wenyewe niliousema. Gusa hapo.

Kama iPhone ilishaandaliwa na hakuna cha thamani ndani, nenda Settings, General, "Transfer or Reset iPhone", kisha "Erase All Content and Settings". Itarudi mwanzo.

8. Unganisha simu mbili. Kwenye Android fungua sasa Move to iOS, kubali masharti, mpaka ikuombe namba. Kwenye iPhone gusa "Continue", zitatokea tarakimu sita au kumi. Ziandike kwenye Android. iPhone itatengeneza Wi-Fi yake ya muda na Android itakuuliza kama ijiunge nayo, kubali. Android inaweza kulalamika kuwa intaneti ni dhaifu au haipo. Isikutishe. Wi-Fi hiyo haina intaneti ndani yake, ni daraja kati ya simu na simu. Ukigusa kitufe cha kurudi kwenye Wi-Fi ya kawaida umelivunja daraja na unaanza tena.

9. Chagua vya kuhama. Utaona orodha: majina, meseji, picha na video, kalenda, akaunti za barua pepe, alamisho za kivinjari, mafaili, na WhatsApp. Chagua unavyotaka. Kama uliamua picha zibaki Google Photos, ondoa alama kwenye picha.

Kwenye WhatsApp kuna hatua ya ziada. Gusa "Start" pembeni yake. WhatsApp ya Android itafunguka na kuanza kuyaandaa mazungumzo. Ikimaliza itakutoa kwenye akaunti yako ndani ya simu ya zamani. Watu hushtuka hapa wakidhani kila kitu kimefutwa. Hakijafutwa, data bado imelala kwenye Android mpaka uifute mwenyewe. Gusa "Next" kurudi Move to iOS, kisha uendelee.

10. Acha simu peke yake. Kwenye iPhone kuna mstari unaojaa polepole na makadirio ya muda. Makadirio hayo ni ya kupuuza. Yatasema dakika 12, yatapanda hadi 40, yatakaa kwenye dakika 1 kwa muda wa kunywa chai nzima. Usitoke kwenye Move to iOS, usijibu simu kwenye Android, usiizime skrini kwa mkono. Na hili lishike: Android inaweza kutangaza kuwa imemaliza huku iPhone bado inaendelea. Anayesikilizwa ni iPhone. Mpaka mstari wake ujae, usichomoe kitu.

11. Maliza kuandaa iPhone. Fungua akaunti ya Apple au ingia kwenye uliyonayo. Usitumie akaunti ya rafiki aliyekuuzia, wala ile ambayo muuzaji anasema "nitakufungulia mimi". Mwenye akaunti ndiye mwenye uwezo wa kuifunga simu, na siku mkikosana utajua maana yake.

12. WhatsApp kwenye iPhone. Ipakue kutoka App Store, weka namba ileile uliyokuwa nayo kwenye Android, na itakuuliza kama uhamishe mazungumzo. Gusa "Start" na usubiri. Namba ikiwa tofauti, uhamishaji haukubali. Mazungumzo, picha, sauti na makundi yatakuja. Kumbukumbu ya simu ulizopiga na kupigiwa ndani ya WhatsApp haiji. Mara ukishaona mazungumzo yako, nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp ufanye chelezo ya iCloud, maana mpaka hapo mazungumzo hayo hayana nakala popote mtandaoni upande wa iPhone.

13. Laini. Kabla ya kuitoa kwenye Android, fungua programu ya meseji ya Google, ingia mipangilio, uzime RCS, yaani zile meseji zinazopita kwa intaneti badala ya SMS. Ukiiacha imewaka, baadhi ya meseji za watu zinaweza kuendelea kukutafuta kwenye simu ya zamani. Kisha hamisha laini. Kama ni eSIM, fuata utaratibu wa kampuni yako ya simu. Usiifute kwenye Android mpaka uhakikishe ile ya iPhone imeshika mtandao.

Siku za mwanzo

Ongeza akaunti ya Google kwenye iPhone: Settings, Apps, Contacts, kisha sehemu ya akaunti. Washa majina na kalenda. Kwenye iPhone zenye mfumo wa kabla ya iOS 18, Contacts ipo moja kwa moja ndani ya Settings. Papohapo chagua Google kuwa mahali pa msingi pa kuhifadhi majina mapya, ili siku ukitaka kurudi Android usianze kuhesabu tena nani yuko wapi.

Programu. Wakati wa kuhama, zile za bure zilizopo pande zote mbili unaweza kuzikubali zipakuliwe. Zile ulizolipia Play Store hazihami. Ukizitaka App Store utazilipia tena. Ila tofautisha: ikiwa ulilipia huduma kwa akaunti, kwa mfano ya muziki au ya filamu, unaingia tu kwa akaunti yako na huduma ipo. Ikiwa malipo ya kila mwezi yanapitia Play Store, yataendelea kukatwa hata simu ya Android ikiwa kabatini. Ingia kwenye akaunti yako ya Play, sehemu ya usajili, ukate usiyoyataka.

Programu za benki ziache za mwisho na uzifanye ukiwa umetulia. Nyingi zinafungamana na kifaa kimoja, zitakutaka ujisajili upya kwenye simu mpya, na nyingine zitatuma namba ya uthibitisho kwa SMS. Ndiyo maana laini inatakiwa iwe imeshahamia iPhone kabla ya hapo.

Telegram ina tabia yake: unapoingia kwenye simu mpya, namba ya kuingilia haiji kwa SMS, inatumwa ndani ya Telegram iliyo kwenye simu ya zamani. Nimewaona watu wakikaa wakisubiri SMS huku ujumbe wenyewe uko kwenye Android iliyozimwa mezani.

Vidole navyo vitasumbua kidogo. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Unatelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto kwenda kulia. Kwenda mwanzo, telezesha kutoka chini kwenda juu. Tochi, Wi-Fi na mwanga viko kona ya juu kulia, unavuta kushuka chini. Ukikosa kibodi yako ya zamani, Gboard ipo App Store. Saa za Galaxy kuanzia Watch4 hazifanyi kazi na iPhone, kwa hiyo kama unayo mkononi, tayari umepata sababu ya kufikiria mara ya pili.

iCloud inakupa GB 5 tu za bure. Zitajaa, na utaanza kupata ujumbe wa kila siku ukikutaka ununue zaidi. Ukiwa unatumia Google Photos, zima iCloud Photos na nafasi hiyo uiachie chelezo ya WhatsApp na ya simu. Ukiamua kuwasha iCloud Photos, jua kwamba picha ukiifuta kwenye simu inafutika na huko mtandaoni. Wengi hufuta ili "kupunguza simu" wakidhani nakala ya juu inabaki.

Yanayokwenda kombo

*Namba haitokei, au simu zinaunganika kisha zinakatika.* Rudi hatua ya 6: VPN, data ya simu, kile kipengele cha kuruka mitandao. Ikishindikana, sahau Wi-Fi zote zilizohifadhiwa kwenye Android ili isivutwe kurudi kwenye ile ya nyumbani, weka hali ya ndege, kisha uwashe Wi-Fi peke yake. Washa upya simu zote mbili. Mara nyingi jaribio la pili baada ya hapo hukubali.

*Imefika katikati ikagoma.* Kagua nafasi kwanza. Halafu jiulize kama Android ilipitiwa na usingizi. Simu nyingine huua programu zinazokaa muda mrefu ili kuokoa betri. Iondoe Move to iOS kwenye uokoaji wa betri, ongeza muda wa skrini kubaki inawaka, ichomeke kwenye umeme. Kama picha ndizo nyingi, hamisha vingine vyote kwanza kwa njia hii, na picha uzipitishe Google Photos au kompyuta.

*WhatsApp haikuniuliza kuhamisha.* Sababu huwa namba si ileile, au programu ni ya zamani, au ulishaingia WhatsApp kwenye iPhone kabla ya kuhamisha. Angalia kwamba WhatsApp ya Android bado ina data yake, hukuiondoa. Ukiwa nayo, hakuna kilichopotea: futa iPhone, anza hatua ya 7. Ndiyo, inachosha.

*Majina yanajirudia, au baadhi hayapo.* Yanayojirudia: iPhone yenye iOS 16 kwenda juu hukuonyesha juu ya orodha ya Contacts kuwa imepata yanayofanana na kukuuliza kama iyaunganishe. Yasiyopo huenda yamebaki kwenye laini. Kwenye mipangilio ya Contacts kuna "Import SIM Contacts". Yasipokuwepo huko pia, yako kwenye kumbukumbu ya Android. Yatoe kama faili la .vcf, jitumie kwa barua pepe, lifungue kwenye iPhone.

*Picha za zamani zinaonekana kama za leo.* Hii huwapata zaidi picha zilizopokelewa WhatsApp, kwa kuwa WhatsApp huziondolea tarehe ya kupigwa. Kama ni chache, zifungue moja moja na ubadilishe tarehe; kama ni elfu mbili, zizoee.

*Muziki, vitabu na PDF fulani havikuja.* Si kosa lako, Apple wenyewe wanasema hivyo huenda ukavihamisha kwa mkono. Vipandishe Google Drive kutoka Android, uvishushe kwenye programu ya Files ya iPhone.

*iPhone inapata moto na chaji inaisha haraka.* Siku za kwanza inapakua programu na kupanga picha zako kwa nyuso na mahali. Iache kwenye chaja usiku ikiwa na Wi-Fi. Ikiendelea hivyo baada ya wiki mbili, hapo ndipo pa kuuliza fundi.

*Nimejuta, nataka kurudi Android.* Inawezekana, kwa waya. Unaunganisha iPhone na Android mpya ikiwa inaandaliwa, unafuata maelekezo, na WhatsApp inahamia kwa kuskani mraba wa QR kwa iPhone. Muhimu zaidi, kabla laini haijatoka kwenye iPhone, nenda Settings ya Messages uzime iMessage (meseji za Apple zinazopita kwa intaneti), kisha uzime na FaceTime (simu za intaneti za Apple). Usipofanya hivyo, marafiki zako wenye iPhone watakuandikia na meseji zitaishia hewani. Kama laini ulishaitoa, Apple wana ukurasa wa kuiondoa namba kwenye iMessage kwa kutumiwa SMS. Na kagua picha: kama iPhone ilikuwa na "Optimize iPhone Storage" imewashwa, zilizomo kwenye simu ni vivuli tu, picha halisi ziko iCloud. Omba zihamishwe kwenda Google Photos kupitia privacy.apple.com, huchukua siku 3 hadi 7.

*Nauza Android yangu lini?* Usiache mbachao kwa msala upitao. Kaa nayo wiki mbili ikiwa na data yake yote, kabatini lakini ina chaji, maana katika siku hizo utagundua umesahau kitu. Siku ya kuitoa, ondoa kwanza akaunti ya Google kwenye mipangilio ya akaunti, ndipo uifute kabisa. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, anayeinunua anaweza kukuta inadai nenosiri lako. Ulinzi huo ulikuja na Android 5.1 mwaka 2015. Na kama kuna memori kadi, itoe.